Namba za Barazani

Sasa kwa kuwa hayupo wa kunikatiza, nitayasema haya kwa utaratibu ninaoutaka mimi. Angekuwapo angeniamuru nianze na pasi. Kwake kila jambo lilianza na pasi. Alikuwa akisema kwamba kitambaa kisichonyooshwa kinasema uongo, na anayekipima kabla ya kukinyoosha anashirikiana nacho. Nyumbani kwake Msambweni umeme ulikuwapo, na pasi ya umeme alikuwa nayo, zawadi ya wanafunzi wake, lakini aliiacha juu ya kabati ndani ya boksi lake akaendelea na ya makaa. "Umeme hukatika mtu yuko katikati ya kola," alisema. "Makaa yana uaminifu." Alipiga pasi leso za jikoni. Alipiga pasi mfuko wa kubebea samaki. Siku moja nilimkuta akipiga pasi karatasi yangu ya kukatia nguo, ile niliyotoka kuichapisha Ukunda, na wino wote ukahamia kwenye kitambaa chake cheupe. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeshika pasi.

Alikuwa amefundisha ushonaji katika skuli ya wasichana mpaka akastaafu, na kila mtu alimwita Mwalimu, wakiwamo watu waliomzidi umri. Mimi pia sitamwita vingine.

Mimi ni fundi wa cherehani, Ukunda. Sishoni, natengeneza mashine. Wanawake wengi wa upande wetu huu, kutoka Diani mpaka Msambweni, wana cherehani majumbani na hujishonea wenyewe. Walikuwa wakiniletea mashine na kuniambia imeharibika. Nikiifungua, naikuta nzima. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kilichoharibika ni gauni. Mtu amepata mtandaoni karatasi ya kukatia iliyochorwa kwa mwili wa mwanamke wa nchi nyingine, amekata kitambaa kizuri, gauni limembana kifuani na kumpwaya mgongoni, na kwa kuwa hawezi kuulaumu mwili aliopewa na Mungu, anailaumu cherehani. Nilizifungua cherehani nyingi zisizo na kosa.

Hapo ndipo nilipoingiwa na wazo la programu ya simu. Mwanamke ataingiza vipimo vyake, programu itachora karatasi ya kukatia inayomfaa yeye na si mwingine, ataichapisha, atakata, na gauni litamkaa. Nilijifundisha kuandika programu kwa kompyuta ya mtumba na masomo ya bure. Nilisoma vitabu vya kukata nguo mpaka nikaweza kuchora bega la mtu gizani. Hesabu niliziweza. Kilichonishinda kilikuwa kupata vipimo vya kujaribia. Mafundi wa kiume wanaopima wanawake wapo mjini, lakini wanawake niliowataka mimi ni wale wasiokwenda kwa fundi wa kiume. Ndiyo maana wanajishonea. Nisingeweza kumzungushia futi ya kupimia mke wa mtu. Nilihitaji mikono ya mwanamke anayeaminika, na kila niliyemuuliza alinitajia jina moja.

Mwalimu alikubali siku ile ile, jambo ambalo lingepaswa kunitia shaka. Sharti lake lilikuwa moja: yeye atapima ndani, mimi nitakaa nje, barazani, na kati yetu litakuwa pazia la mlangoni. Atasoma namba kwa sauti, nami nitaandika. Sauti yake ilikuwa ya darasani bado. Ilivuka pazia, ilivuka baraza, ikafika kwa jirani anayekuna nazi.

"Mwanakombo. Kifua, arubaini!"

Mwanakombo alikuwa ndiye msemaji wa kikundi cha wanawake kumi na kidogo waliokuwa wakijishonea na waliokubali kuijaribu programu. Asubuhi anapika mahamri ya kuuza, mchana anashona. Ni mwanamke mkubwa kwa umbo na kwa kicheko, na alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu zamani. Nilimsikia ndani akisema, "Mwalimu, hiyo arubaini umeipima kifuani au mkononi?" Wakacheka wote. "Nyamaza," Mwalimu akasema. "Fundi anaandika." Nami kweli nilikuwa naandika. Nilidhani ni mzaha tu wa wanawake.

Alikuwa na misemo, na kila mmoja aliusema kana kwamba ni mara ya kwanza. "Mkasi hauna toba," aliwaambia waliokuwa na haraka ya kukata. "Nguo haina mdomo lakini husengenya," aliwaambia waliokubali mshono uliopinda. Nusu inchi kwake ilikuwa masafa marefu. Mwanakombo alinisimulia kwamba akiwa msichana aliwahi kufumulishwa pindo zima la sketi kwa nusu inchi, akalia, na Mwalimu akamwambia asogee kando, machozi yanatia doa. Mtu huyohuyo, nikimuuliza urefu wa meza yake ili nijue karatasi itatosha, hujibu, "Inatosha watu wanane, wakipendana."

Ndivyo alivyokuwa. Aliwakemea waliovaa mitumba, na koti lake la mvua lilitoka kwenye mtumba wa Ukunda. Alilifumua bitana yote ya ndani kuona lilivyoshonwa, akalishona upya. Aliniambia simu zimewaharibu watu, kisha akanitumia ujumbe wa sauti baada ya sala ya alfajiri, mrefu kama hotuba, akieleza kwa nini. Katikati ya ujumbe mtu angesikia jogoo, kikohozi, kifuniko cha sufuria, kisha: "Ndiyo, nilikuwa wapi? Kola." Nilisikiliza mpaka mwisho kila mara, kwa sababu lalamiko lenyewe aliliweka mwisho.

Lalamiko la kwanza lilihusu salamu. Nilimwonyesha programu inavyofunguka. Kioo kiliandika: Kifua, inchi ngapi?

Mwalimu akaivua miwani. "Simu gani hii? Yamuuliza mtu kifua chake na wala haijamwamkia?"

"Ni mashine, Mwalimu. Haina haja."

"Mashine haina haja. Mtu anayo."

Nikaweka "Hujambo." Haikutosha. Akasema Hujambo huwezi kumwambia bibi wa mtu. Wakubwa waamkiwe shikamoo. Nikamweleza kwamba ili programu ijue nani wa kuamkiwa shikamoo, lazima imuulize kila mtu umri. Wanawake wakakataa kuutaja umri. Nilipoteza siku nyingi kwa jambo hili, siku ambazo nilipaswa kuzitumia kwenye mabega. Mwishowe niliandika "Assalaam aleikum na habari za nyumbani," na Mama Mutuku akaniuliza kama Wakristo nao wanaruhusiwa kushona.

Mama Mutuku alikuwa katika kikundi kwa bahati. Ni Mkamba, analima machungwa kwenye mashamba ya watu wa bara huko upande wa milimani, na alikuwa akiyaleta Ukunda kuyauza. Aliijua programu kwenye duka langu, akaja Msambweni na cherehani yake ya mkono mgongoni kama mtoto. Ilipofika zamu yake ya kupimwa hakusubiri Mwalimu aseme. Alitoa kichwa nje ya pazia akanipigia kelele mimi mwenyewe.

"Fundi! Andika foti foo bana! Hizi nyama ni zangu, sikuiba kwa mtu!"

Ndani kikazuka kicheko, na juu ya kicheko sauti ya Mwalimu: "Astaghfirullah. Ingia ndani wewe." Nikaandika arubaini na nne, naye hakuingia mpaka aliponitajia na vipimo vingine vyote.

Sasa nieleze tatizo, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza usingizi na karibu nipoteze kikundi. Binti wa Mwanakombo alikuwa ameposwa. Wanawake walikubaliana kwamba sare ya harusi, kitambaa kimoja kwa wote, kila mmoja ataikata nyumbani kwake kwa programu yangu. Kama zingekaa vizuri, harusi nzima ingeziona, na kila mwenye cherehani kutoka Ukunda mpaka Lunga Lunga angeitaka programu. Kama zingekaa vibaya, hakuna ambaye angenipa kitambaa chake tena. Sikuwa na nafasi ya pili, nao walijua.

Kabla ya sare tulijaribu kwa marekani, kile kitambaa cha bei ndogo. Gauni la Mwanakombo lilikataa kufungwa. Mwembamba wao, mke wa mvuvi wa pweza, alivaa lake likamwanguka mabegani. Nikarekebisha hesabu: nikaongeza nafasi ya kupumulia kwa wakubwa, nikapunguza kwa wadogo. Tukakata tena. Waliokuwa wamebanwa wakapwaya, waliopwaya wakabanwa, na mmoja aliyekuwa karibu na sawa akaharibika. Nikarekebisha tena. Nilibadilisha hesabu ya kifua, ya mgongo, ya mteremko wa bega. Nikashuku kitambaa kinanywea kikifuliwa, nikakiloweka kabla. Nikashuku printa ya mjini inapunguza karatasi, nikaipima, haikupunguza. Msimu wote wa mvua ndefu nilikuwa nikirekebisha kitu ambacho hakikuwa na kosa, na kila jaribio Mwalimu alilishika kwa ncha za vidole akasema, "Hesabu yako ina kasoro, Fundi. Irudie."

Mtu mmoja tu gauni lilimkaa tangu la kwanza. Mama Mutuku. Alilivaa gauni la majaribio akarudi nalo shambani bila kukata jingine, akasema hilo la majaribio ndilo gauni.

Mtu mwenye utaratibu akiona kumi wameshindwa na mmoja amefaulu, huacha kuwaangalia wale kumi. Nilijiuliza Mama Mutuku ana nini. Mwili wake si wa ajabu. Kitambaa kilikuwa kilekile. Karatasi ilichapishwa palepale. Tofauti niliyoiona ni moja: vipimo vyake sikuvipata kwa Mwalimu. Nilivipata kwake mwenyewe.

Sikutaka kuliamini hilo. Nikamwomba Mwanakombo aniletee gauni lolote la zamani ambalo linamkaa vizuri. Alinikuta dukani, akalitoa kwenye mfuko likiwa limekunjwa vizuri.

"Hili ndilo linalonipenda," akasema. "Amenishonea Mwalimu mwenyewe, Idi iliyopita. Usiliunguze."

Nililitandaza mezani nikalipima. Nikatoa nafasi ya kupumulia. Kifua cha aliyelishonewa gauni lile hakikuwa arubaini. Kilikuwa arubaini na sita.

Nikaenda Msambweni alasiri ileile, gauni kwenye mfuko. Mwalimu alikuwa barazani akichagua mchele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana hivyo? Ungeupiga pasi."

Nikalitoa gauni. "Hili umelishona wewe?"

Hakulitazama mbele, aligeuza mshono wa ndani, akaupitishia kidole. "Huu mkono wangu."

"Kifua chake ni arubaini na sita. Mimi uliniambia arubaini."

"Ndiyo, nilikuambia."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kwani ulitaka nipige ukelele arubaini na sita? Jirani yuko pale na mbuzi yake ya nazi, dada wa mkwe mtarajiwa yumo ndani, na mwanamume amekaa barazani? Nimtangaze mama wa watu kama gunia?"

"Nilitaka namba."

"Namba si nilikupa? Ya kweli ilikuwa kwenye kidole."

Sikuelewa. Akanieleza kwa subira mbaya, ile ya mwalimu anayerudia somo la jana. Darasani kwake miaka yote ilikuwa hivyo. Akimpima msichana mbele ya wenzake alitaja namba ambayo haimwaibishi mtu: mnene akapunguziwa, mwembamba akaongezewa, asije mmoja akaitwa pipa na mwingine ufito. Lakini ukucha wa kidole gumba aliuacha juu ya futi, penye kipimo chenyewe. Msichana mwenye kalamu hakusikiliza mdomo. Aliangalia ukucha, akaandika. Wote walijua. Hakuna aliyewahi kuambiwa. Mwanakombo alijua. Kikundi kizima kilijua, ila Mama Mutuku, ambaye hakujali, na mimi.

"Mimi nilikuwa nje, Mwalimu. Ningekionaje kidole?"

Akafikiri. Naamini hapo ndipo jambo lile lilipomjia kwa mara ya kwanza, maana mkono uliacha kuchagua mchele.

"Usingekiona," akasema.

"Basi?"

"Basi hilo ni tatizo la programu yako."

"Ningekuwa ndani ningeona."

"Hutaingia ndani."

Kahawa ilikuwa tayari, sikuinywa. Niliondoka bila kuaga vizuri, na njia nzima hadi Ukunda niliyahesabu marekebisho yote niliyoyafanya, moja moja, kama mtu anayehesabu mifugo iliyokufa. Mtu aliyemfumulisha mtoto pindo kwa nusu inchi alikuwa amenipa inchi sita za uongo na kuniambia nirudie hesabu. Mpaka leo nikiyaandika haya hasira zinanipanda.

Dawa ilikuwa rahisi, au nilidhani hivyo. Nilirudisha hesabu zangu za mwanzo, zile nilizoamini hazina kosa, na nikatengeneza ili kila mwanamke aingize vipimo vyake mwenyewe huko ndani, kimyakimya, kwenye simu yake. Mimi sitasikia kitu. Nilimpelekea Mwalimu nikijiona nimeshinda. Alivaa miwani, akaishika simu mbali kama mtu anayeshika kaa.

"Zikishaingia humu, zinakwenda wapi?"

"Zinakuja kwangu, kwenye kompyuta. Ili nikiona nguo haikukaa, nijue kosa liko wapi."

"Na jina juu yake?"

"Na jina."

Akanirudishia simu. "Kwa hivyo mlango umeuacha, umeingia dirishani."

Nilimweleza kwamba haiwezekani kurekebisha kitu usichokiona. Nilimweleza kwamba siangalii mtu, naangalia namba. Nilieleza mengi, yote ya kweli. Hakubishana. Alinikaribisha chai. Juma lile Mwanakombo akaifuta programu kwenye simu yake, na wengine wakafuata mmoja mmoja, kila mmoja akiniambia kwa upole kwamba simu yake imejaa. Harusi ilikuwa imekaribia kiasi cha watu kuanza kuazima masufuria.

Nikalifunga dirisha. Nilibadilisha programu ili vipimo vibaki ndani ya simu ya mwenyewe, visifike kwangu wala kwa mtu yeyote. Jioni ileile simu zote zikapata nafasi. Sare zikakatwa.

Kuanzia hapo nilikuwa fundi aliyefungwa kitambaa cha macho. Kilichobaki cha kunionyesha makosa kilikuwa maneno ya wanawake wenyewe, na maneno yao yalikuwa haya: Nguo nzuri, Fundi. Mungu akuzidishie. Imenikubali. Ahsante sana. Adabu ileile iliyopunguza inchi sita ilipunguza sasa kila lalamiko mpaka likaisha. Mtu mmoja tu angenieleza kweli, Mama Mutuku, naye aliulizwa mapema akasema nguo iko sawa kabisa. Baadaye nilikumbuka kwamba nguo zake hakuzitia mikono. Alisema mikono ni ya watu wasiolima.

Siku ya harusi nilikuwa upande wa wanaume. Niliziona sare zikipita kwenda uwanjani. Mabega yalikaa. Viuno vilikaa. Nilianza kufurahi. Kisha bibi harusi akatoka, vigelegele vikapanda, na nikaona jambo: wanawake wote wale walikuwa wanapiga makofi usawa wa tumbo. Hakuna aliyeinua mkono juu ya kifua. Na ingawa jua lilikuwa kali, wengi walikuwa wamejitanda leso mabegani.

Nilimsubiri Mwanakombo mpaka shughuli ikapungua. "Nguo zimekaaje?"

"Zimetukaa, Fundi, alhamdulillahi. Watu wameuliza."

"Na mikono?"

"Mikono tunayo miwili miwili. Twashukuru."

Nikajua kwamba kosa lipo, kwamba liko kwenye mikono au karibu na mikono, na kwamba katika pwani nzima hakuna mtu atakayeniambia ni kubwa kiasi gani. Sikuhitaji siri ya mwili wa mtu. Nilihitaji namba moja tu, ya kweli. Nilijaribu kukisia. Nikishusha kwapa la nguo sana, gauni zima huinuka mkono ukiinuka. Nikishusha kidogo, linabana. Kukisia nilikwisha kukisia msimu mzima, na matokeo yake nimeyasimulia. Sikuigusa hesabu.

Mwalimu aliugua baada ya hapo. Ujumbe wa alfajiri ukafupika, kisha ukakatika. Mwanakombo ndiye aliyeniletea habari, na ndiye aliyeniambia siku moja kwamba Mwalimu anataka gauni. "Asema nguo zake zimekuwa za mtu mwingine," akasema, na hakutia mzaha. "Nitamshonea mimi. Ataka kwa programu. Na ataka uje."

Hapana mtu aliyewahi kumpima Mwalimu. Nguo zake alijipimia na kujikatia mlango ukiwa umefungwa. Nilipofika, nilimwambia Mwanakombo kwamba mimi sina kazi hapa. Vipimo vinaingia kwenye simu ndani, nami sivioni. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba kuliko nilivyoizoea.

"Fundi amekuja?"

"Nimekuja. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa pale pale pako."

Nikakaa barazani. Jirani alikuwa kwenye mbuzi yake, akaacha kukuna. Futi ikateleza juu ya kitambaa, nikasikia vidole vya Mwanakombo vikigonga kioo cha simu polepole. Kisha Mwalimu akaitoa sauti yake ya darasani, yote iliyokuwa imebaki.

"Kifua, arubaini na mbili!"

Nilikuwa mikono mitupu. Simu yangu ilikuwa mfukoni, imezimwa.

"Nimeandika, Mwalimu," nikasema.

"Kiuno, thalathini na sita!"

"Nimeandika."

Akanitajia vyote mpaka urefu wa mkono, nami nikaitikia vyote. Ndani hakuna aliyecheka.

Gauni lilipokwisha niliitwa tena. Nilimkuta ametoka nje, amekaa kwenye baraza mahali pangu, mgongo umeegemea ukuta. Gauni lilikuwa la buluu, limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Lilimkaa. Yeyote aliyepita njiani na kumwamkia aliliona gauni kwanza, na akaondoka akisema Mwalimu ni yuleyule. Mimi hutazama nguo kwa kazi yangu, na jicho likishaona bega huhesabu lenyewe; siku ile nililizuia, nikaangalia mlango. Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa, macho yake kwenye mshono alioushona yeye.

"Nguo nzuri," Mwalimu akasema. "Mwanakombo ana mkono."

"Alhamdulillahi," Mwanakombo akasema.

Mwalimu akauinua mkono wa kulia, taratibu, kama mtu anayesimamisha gari. Ulipofika usawa wa bega ukakwama. Akaushusha. Akauinua tena ili nione.

"Wajua harusini watu hawakucheza," akaniambia.

"Niliona. Hakuna aliyeniambia ni kiasi gani."

"Nani akuambie?"

Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake, pale ilipokuwa ikikaa maisha yake yote. Akaivuta, akaishika ncha kwa mkono wa kushoto, akainyoosha mapajani.

"Kwapa," akasema kwa sauti, kwangu na kwa Mwanakombo na kwa jirani mwenye nazi. "Lishushe. Kosa dogo tu. Robo inchi."

Nilitaka kumshukuru, nikatazama chini. Kidole gumba kilikuwa kimelala juu ya futi, ukucha umekatwa vizuri, mweupe, umesimama juu ya mstari. Haukuwa mstari wa robo. Nilimtazama usoni, alikuwa anamtazama Mwanakombo, akimtabasamia. Ukucha haukusogea. Aliuacha pale mpaka alipoona nimeuona.

"Robo, Mwalimu," nikasema.

Nikatoa simu mfukoni, nikaandika nusu.